Msumeno wa Mkanda Unapogoma

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za msumeno wa mkanda, mashine ambayo maseremala wengi huitegemea. Asiyepata kuiona na afikiri magurudumu mawili, moja juu na moja chini, yaliyovikwa utepe wa chuma wenye meno, uliounganishwa ncha kwa ncha kama pete. Mota hulizungusha gurudumu la chini, nao utepe hushuka daima kupitia tundu la meza.

Mashine hii ikikataa kazi, watu husema mara moja, "Mota imekufa." Nasi katika karakana ya chuo chetu tulisema vivyo hivyo siku moja. Tulibonyeza swichi, mota ikavuma kama nyuki mzingani, wala magurudumu hayakwenda. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii akafungua mlango wa chini, akanyosha mkono ili alisukume gurudumu. Tukamshika mkono upesi. Mota ya namna ile yaweza kuanza ghafula ikisukumwa kidogo tu, na vidole vingekuwa vimekwisha kwenda. Tangu siku ile hatumruhusu mtu kufungua mlango kabla hajang'oa plagi na kuiweka mahali anapoiona.

Basi, plagi ikiwa imeng'olewa, tulivua ukanda wa mpira utokao kwenye mota, tukalizungusha gurudumu kwa mkono. Kama lingekuwa zito, kosa lingekuwa katika msumeno wenyewe: beringi zimekauka, au unga wa mbao umeshindiliwa ndani. Lilikwenda jepesi. Tukafunga milango, tukaijaribu mota peke yake kwa kitambo kidogo sana, kwa maana mota ivumayo bila kuzunguka huunguza nyaya zake. Ikavuma tena. Tulikuwa tumekwisha uliza bei ya kusuka upya nyaya hizo, bei iliyotutoa jasho; kumbe kilichoharibika ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanzia. Kilikuwa kimevimba. Tulimwachia fundi wa umeme akibadili, kwani kapasita huweza kuhifadhi umeme hata plagi ikiwa nje.

Mota za nyaya tatu za umeme hazina kikopo hicho cha kuanzia. Hizo zikivuma bila kuanza, mara nyingi waya mmoja hauleti umeme, pengine kwa sababu fyuzi imeungua. Na mota ianzayo vema kisha ikalegea ubao ukiingia, tazameni kama waya wa kuunganishia si mrefu na mwembamba kupita kiasi, au kama ukanda wa mpira haukulegea.

Lakini kwa maoni yetu makosa mengi yamo katika utepe. Ubao ukitoa moshi na kuwa mweusi, utepe umekuwa butu. Msiusukume ubao kwa nguvu zaidi. Mvule hasa huchosha meno, kwa sababu ndani yake huwamo mawe magumu meupe ambayo mti wenyewe huyafanya. Mkato ukipinda upande mmoja siku zote, huenda meno ya upande mmoja yamelika kuliko ya pili, au utepe haukukazwa vya kutosha. Ukitaka kutoka gurudumuni, gurudumu la juu lina skrubu ya kuliinamisha; igeuzeni kidogo kidogo, huku mkilizungusha gurudumu kwa mkono, plagi ikiwa nje.

Sikilizeni pia. Mlio wa "ta, ta, ta" unaorudi kila utepe unapozunguka ni dalili ya ufa, au ya kiungo kilichochomelewa vibaya. Kiungo hicho ndicho kilichowashinda mafundi wa zamani, mpaka Anne Paulin Crépin, mwanamke wa Ufaransa, alipopata njia ya kukichomelea mwaka 1846. Usikiapo mlio huo, zima mashine, ngoja isimame kabisa.

Na utepe mpya usiokata kabisa? Tazameni meno. Yakielekea juu, utepe umevaliwa ndani nje. Uvueni, mkiwa na glavu, mugeuze kama mtu ageuzavyo mkono wa shati, kisha uvalisheni tena.