MTOTO ASIYEFIKA NDIYE WA KUTAFUTWA

Maneno ya msaidizi wa muuguzi wa afya ya watoto, katika mkutano wa kumbukumbu wa Kamati ya Jamii



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yetu sisi wasaidizi wa wauguzi tunaohudumia watoto shuleni na majumbani. Mimi si daktari. Nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa msichana, nikaingia Kigoma na mdogo wangu mgongoni. Kazi hii nimefundishwa humu humu kambini, na muuguzi ndiye anayenisimamia. Kwa hiyo nitasema yale ninayoyafanya kwa mikono yangu, pamoja na kosa moja nililolifanya, ili wenzangu wasilirudie.

Asubuhi tunapita madarasani. Zamu ya dawa ya minyoo ikifika, kila mwanafunzi hupewa kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400, akitafune mbele yetu. Tunatazama macho, masikio na ngozi. Mtoto asiyenakili ubaoni tunampima macho kabla hajaitwa mvivu.

Mchana tunakwenda nyumba kwa nyumba. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 tunampima mkono kwa utepe. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, yaani tahadhari. Chini ya 11.5 ni nyekundu, hapo hakuna kungoja. Mwenye kikohozi tunamhesabia pumzi dakika nzima akiwa ametulia: wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anakwenda zahanati siku ile ile. Mwenye kuhara tunamwonyesha mama yake jinsi ya kuchanganya ORS kwa maji safi, na kumnywesha kidogo kidogo, huku akiendelea kumnyonyesha.

Hayo yote yanafundishika. Sasa nieleze lile ambalo sikufundishwa.

Siku moja ya kupima watoto, miaka mingi imepita, foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Akaja mama mmoja na mtoto wa miaka miwili, nguo chafu, kadi ya kliniki imelowa na kuchanika. Nikamwambia kwa sauti mbele ya wenzake, "Mama, huyu mtoto unamlea au umemtupa?" Watu wakacheka. Yule mama aliinamisha kichwa, asijibu neno. Utepe ulionyesha njano. Nikaandika, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Nami nilihesabu waliokuja, nikapeleka taarifa nzuri, nikasifiwa.

Baada ya miezi miwili nilikuwa darasa la tatu nikigawa dawa ya minyoo. Nikamwona mvulana mmoja hatafuni kidonge, anakifunga kwenye pindo la shati. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Nampelekea mdogo wangu. Miguu yake imevimba, na mama hataki atoke nje."

Nilimfuata mpaka kwao. Pale mlangoni nikamtambua mama, naye akanitambua. Akaniuliza, "Umekuja kunicheka tena?" Ndugu zangu, sikuwa na la kujibu. Nilipiga magoti nikamwomba radhi kwanza, ndipo nikamgusa mtoto.

Uso ulikuwa umejaa, hata majirani walidhani amenenepa. Nikabonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa muda wa sekunde tatu. Nilipoachia, vishimo vilibaki. Mtoto mwenye dalili hiyo yuko hatarini hata kama utepe hausemi nyekundu, kwa sababu kilichomjaza ni maji, wala si afya. Chakula alikikataa. Tukampeleka hospitali tukipokezana kumbeba. Huko alianzishiwa maziwa ya tiba kidogo kidogo, mchana na usiku, kwa maana mwili uliodhoofika hauwezi kupokea chakula kingi ghafla. Usiku wa pili nilidhani tumempoteza.

Alipona. Lakini hakuokolewa na utepe wangu wala na taarifa yangu nzuri. Aliokolewa na kaka yake wa darasa la tatu aliyeficha kidonge. Na aliyemfungia ndani hakuwa mama yake peke yake. Ulimi wangu nao ulimfungia.

Tangu siku ile daftari langu nalisoma kwa namna nyingine. Sianzi na waliofika. Naanza na nafasi tupu: nani alipimwa mwezi uliopita na leo hayupo? Nani hajamaliza chanjo? Huyo ndiye ninayemwendea. Aliyefika amekwisha kusaidiwa nusu.

Kwa hiyo naiomba Kamati mambo matatu. La kwanza, viongozi wa vijiji mtuarifu kila nyumba yenye mtoto mchanga au wageni waliofika karibuni, kwa kuwa surua na kipindupindu haviulizi nani ameandikwa. La pili, walimu wetu, mwanafunzi akikosa siku tatu mfululizo, tuambieni. Mara nyingine mgonjwa siye yeye, bali ni mdogo wake aliyebaki kumlea. La tatu ni letu sote: mama asiaibishwe kwenye foleni. Mwenye kadi iliyolowa huenda turubai lake linavuja. Mwenye mtoto mchafu huenda alikosa maji tangu jana. Tumwulize pembeni, kwa sauti ya chini.

Na ninyi akina mama mliokaripiwa siku moja mkaacha kuja, nawaomba mrudi. Kama ni mimi niliyewakaripia, naomba radhi hapa mbele ya wote.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Hapa ugenini, ambako bibi na shangazi wengi tuliwaacha ng'ambo ya ziwa, mkono wa pili ni jirani, na wa tatu ni mwalimu. Sisi wasaidizi wa wauguzi tunaomba tuwe wa nne.