Kompyuta na Ugonjwa wa Mawazo Mengi



Vijana wanauliza: je, ni kweli kompyuta inaweza kusoma maandishi yako ya simu na kujua kwamba unaumwa rohoni?

Jibu ni: kwa sehemu. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wa maandishi ya Facebook ya wagonjwa 683 waliokubali wenyewe. Kwa kumbukumbu za hospitali, 114 kati yao walikuwa na ugonjwa wa huzuni kubwa. Kompyuta ililinganisha maneno yao na ya wengine. Wenye huzuni waliandika zaidi juu ya machozi, maumivu na upweke, na walirudia sana neno "mimi".

Lakini angalieni. Mashine hiyo ilijifunza Kiingereza. Sisi tukisema "nimechoka na maisha", hilo "mimi" limo ndani ya kitenzi, na mashine inayohesabu neno peke yake hailioni. Hapa watu husema Kiswahili, Kikakwa, Kilugbara au Kiarabu cha Juba. Husema "moyo ni mzito", wala hawataji ugonjwa. Na wengine hawana simu.

Msaada uliojaribiwa hapa kwetu ni wa namna nyingine. Katika kambi ya Rhino, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Baadhi yao walikaa katika vikundi mara 5, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Baada ya miezi 3, mateso yao ya rohoni yalikuwa yamepungua kuliko ya wale ambao hawakuyapata.

Basi tunaomba hivi:

1. Jirani akisema afadhali afe, usimcheke wala usimgombeze. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo.

2. Usimwache peke yake. Ondoa sumu na kamba. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

3. Siri yake usiitangaze bombani.

4. Mtu akitaka kusoma ujumbe wako kwa utafiti, muulize ni wa kazi gani na nani mwingine atauona. Unayo haki ya kukataa, na kukataa kusikunyime msaada wowote.

Mwenye swali amwone mfanyakazi wa jamii wa kijiji chake.