Tupande wakati tunangoja

Somo la kusoma nyumbani: Yeremia 28 na 29:1-14



Hapa kwetu Kivu kuna neno tunalolisema kila siku: "Kwanza vita iishe." Kijana anataka kuoa: kwanza vita iishe. Paa linavuja: kwanza vita iishe. Ndugu wawili wamegombana juu ya shamba la baba yao, nani atawapatanisha? Kwanza vita iishe.

Tunajua neno hili linatoka wapi. Linatoka katika uchovu. Goma ilitekwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Mabanki yakafungwa, wengi wakapoteza kazi. Tunaamka na simu mkononi kutafuta habari, na kila jioni kuna mtu anayetuhakikishia kwamba mambo yataisha kabla ya Noeli.

Lakini tuhesabu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1996, vita ya kwanza ilipoanza, leo ni mtu mzima, pengine mzazi. Kama wazazi wake wangengoja vita iishe ndipo wamfundishe kusoma, angekuwa bado hajui kuandika jina lake.

Wayahudi waliopelekwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo, walijua kungoja huku. Nabii Hanania alitangaza habari tamu juu yao: miaka miwili tu, na wote watarudi. Nani asingempenda nabii kama huyo? Lakini anayeamini miaka miwili hajengi wala hapandi. Anafunga mzigo wake na kukaa juu yake.

Yeremia aliwaandikia barua, ikabebwa na Elasa na Gemaria. Hakusema kwamba Babeli imetenda haki. Hakusema wasahau kwao. Alisema kurudi kutakuwa, ila kutachukua miaka 70. Kwa hiyo wajenge, walime bustani, waoze watoto wao, na kuuombea mji wanamokaa.

Tuone uzito wa barua hiyo. Mtu mzima aliyeisikia alitambua kwamba yeye mwenyewe hatarudi. Kama angekaa kungoja tu, siku zake zote zingepotea. Lakini waliorudi, wengi wao, ni wale waliozaliwa na kulelewa katika nyumba zilizojengwa wakati wa kungoja.

Mtu atauliza: "Tujenge, kisha tukimbie tena?" Swali hilo ni la haki. Kuna mama aliyeacha mahindi yake shambani yakiwa tayari kuvunwa, na hatutamwambia kwamba si kitu. Mungu hatutaki tujifanye hatuoni. Lakini kuna mazao ambayo hayaachwi njiani tunapokimbia. Alichojifunza mtoto kinakimbia pamoja naye. Ndoa yenye amani inakimbia nasi. Ndugu waliopatanishwa wanabebeana mizigo, na wale ambao hawajapatanishwa kila mmoja anaanguka peke yake.

Tena sisi watu wa Kivu tunao ushuhuda wetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Watu walirudi upesi, mawe yakiwa bado na joto. Hawakungoja mlima uwape ahadi. Mawe yale yale yaliyofunika nyumba zao waliyapasua, wakayajengea kuta.

Basi juma hili, kila nyumba ichague jambo moja lililowekwa kando "mpaka vita iishe", ilianze. Kama ni deni la likelemba, twende tuzungumze na wenzetu. Kama ni mtoto aliyeacha masomo, tumkalishe jioni na kitabu kimoja, hata kama minerval haipo. Kama hatuna shamba, lenga-lenga inaota hata katika beseni iliyopasuka, na baada ya juma tatu au ine iko kwenye sahani.

Amani tutaendelea kuiomba, na kuidai kwa wale wanaoweza kuileta. Lakini siku ya leo haitarudi kutuuliza kama tulikuwa tayari. Ni Mungu ameitoa, na ataiuliza kwetu.

Bwana atupe nguvu ya kungoja tukiwa na jembe mkononi. Amina.