Uzi Hubana: Bobini za Metali na Karakana za Ukanda wa Migodi



Mada hii imezaliwa na ubishi. Katika semina moja juu ya kufufua viwanda vya nguo, mchumi ninayemheshimu, ambaye sitamtaja kwa kuwa hayupo kujitetea, alinivumilia nikizungumzia bobini kwa dakika chache. Kisha akasema kwa upole unaouma kuliko tusi: "Profesa, bobini ni chombo cha kubebea uzi. Vyombo hununuliwa." Ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao, lakini usiku sikulala.

Sitawachosha na historia ya Mwatex ya Mwanza, Urafiki ya Dar es Salaam au Mutex ya Musoma, wala namna mitumba, umeme wa kukatikakatika na mageuzi ya uchumi yalivyoviyumbisha viwanda hivyo. Hayo mnayajua, na wengine mliyaishi. Wala sielezi kwa nini pamba ya Kishapu ikishachambuliwa hufungwa marobota na sehemu yake kubwa kwenda kusokotwa ng'ambo. Leo nashughulika na kauli ile ya semina, nusu yake ya kwanza na nusu yake ya pili, na naomba mniwie radhi nikionekana kutumia rungu kuulia mbu. Mbu huyu analeta malaria.

Tuanze na madai kwamba bobini hubeba tu. Katika mashine ya ringi, ambayo asili yake ni hataza ya John Thorp wa Marekani ya mwaka 1828, bobini huvikwa juu ya spindeli na kuzunguka nayo. Kuizunguka kuna ringi ya chuma, na juu ya ringi hukimbia kipande kidogo cha waya kiitwacho travela. Travela haina injini. Huvutwa na uzi wenyewe, na kwa sababu hubaki nyuma kidogo ya bobini, uzi hujikunja juu ya bobini huku ukisokotwa. Ina maana bobini ndiyo inayovuta. Unene wake ndio unaoamua uzi utaivuta travela kwa pembe gani, na pembe hiyo ndiyo inayoamua mkazo.

Hapa lazima nimtaje Werner Klein. Kitabu chake juu ya usokotaji wa ringi, kilichochapishwa Manchester mwaka 1987, nimekisoma mara nyingi kiasi kwamba nakala yangu imefungwa kwa gundi ya viatu. Watu wengine wana washairi wao. Mimi nina Klein. Haandiki kwa madaha. Anakupa kipimo, sababu ya kipimo, na adhabu ya kukipuuza, kisha anahamia kifaa kinachofuata. Anafundisha kwamba kipenyo cha bobini tupu kisipungue sana chini ya nusu ya kipenyo cha ringi: uwiano wa kama 0.48 hadi 0.5. Ukisoma haraka, unadhani ni desturi ya mafundi tu. Chukua kalamu uone. Kwa ringi ya milimita 42, bobini ya milimita 20 iko karibu na mpaka huo. Mtengenezaji mbahili akiipunguza hadi milimita 18, mkazo wa uzi, pale unapojikunja juu ya bobini tupu, unapanda kwa takriban asilimia 11, kwa sababu mkazo huo huenda kinyume na kipenyo. Milimita moja tu imetolewa kila upande. Uzi utakatika penye udhaifu, na dada anayehudumia mashine atatembea kutwa nzima akiunga nyuzi. Meneja ataandika kwamba wafanyakazi ni wazembe.

Klein anaendelea hadi kwenye mteremko wa bobini, yaani jinsi inavyozidi kuwa nyembamba kuelekea juu ili ikae vizuri kwenye spindeli. Anataja 1:64, 1:40 na 1:38. Ya kwanza ina maana kipenyo hupungua milimita moja kwa kila milimita 64 za urefu. Ukivika bobini yenye mteremko wa 1:40 kwenye spindeli ya 1:64, haikai. Inagusa sehemu moja tu na kucheza. Kwa macho ni bobini ileile, rangi ileile, na muuzaji ataapa kwamba zinaingiliana. Nimewahi kuwaona wanafunzi wangu wakibishana nusu saa juu ya bobini mbili mezani, hadi mmoja wao alipoleta kifaa cha kupimia.

Kucheza huko kuna gharama inayohesabika. Tuseme bobini pamoja na uzi wake ina gramu 100, na kitovu cha uzito wake kimehama kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa mizunguko 12,000 kwa dakika, ambayo si mwendo wa kujivunia siku hizi, nguvu inayoisukuma spindeli pembeni ni kama niutoni 16. Ni sawa na kuning'iniza zaidi ya kilo moja na nusu kwenye spindeli, kisha kuuhamisha mzigo huo upande hadi upande mara 200 kila sekunde. Beringi italia.

Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika kiwanda ambacho leo hakipo, kulikuwa na safu ya mashine zilizotetemeka hadi maji ya kunywa yakifanya viduara ndani ya kikombe. Mafundi walibadilisha beringi, wakabadilisha mikanda. Mzee mmoja wa zamu ya usiku, Msukuma wa Maswa, aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, shika bobini hii, pitisha kidole." Ilikuwa imejaa makovu ya kisu. Uzi mchafu uliobaki kwenye bobini ulikuwa ukikatwa kwa kisu ili kuokoa muda, na kila kisu kiliondoka na unga kidogo wa plastiki. Makovu yaliunasa uzi wakati wa kuufungua, na bobini zenyewe zilikuwa zimepoteza mizani. Mzee yule hakusoma Klein. Alikuwa na kidole.

Basi nusu ya kwanza ya kauli ile nimeimaliza. Nusu ya pili, kwamba vyombo hununuliwa, ina nguvu zaidi, na nitaitendea haki.

Wanaoishikilia husema: tazama Lancashire, mfalme wa pamba wa dunia, hakutengeneza bobini zake mwenyewe. Ni kweli. Zilitoka nje ya miji ya pamba, katika vijiji vya wilaya ya maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kwenye karakana kama Stott Park, iliyojengwa mwaka 1835. Huko kulikuwa na misitu ya kukatwa na kuchipuka tena, na mito ya kuzungusha gurudumu. Wakerezaji wa mbao walitoa bobini kwa maelfu na kuzisafirisha viwandani. Stott Park ilifungwa mwaka 1971, mbao ziliposhindwa na plastiki, na leo ni jumba la makumbusho.

Lakini mfano huo unamgeukia anayeutoa. Lancashire ilinunua, sawa. Ilinunua kwa jirani. Bobini hazikufuata pamba. Zilifuata mahali palipo na malighafi na mikono iliyozoea kukereza. Mashine ilipobadilika, mkerezaji alipata habari mapema na kubadilisha kipimo. Sasa niambieni, katika Tanzania hii, mikono iliyozoea kukereza metali iko wapi? Iko Dar es Salaam, nakubali. Iko Arusha, ambako taasisi ya TEMDO ilianzishwa mwaka 1980 kwa kazi ya usanifu wa mitambo. Lakini iko pia hapa. Tangu Dkt. John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, eneo hili limekuwa na karakana zinazotengeneza shafti, bushi na vipuri kwa sababu kuvisubiri kutoka nje ni kusimamisha mgodi. Kisha ikaja dhahabu: Geita, Bulyanhulu, Buzwagi. Buzwagi imefungwa, lakini vijana waliojifunza kukereza na kuchomelea hawakufungwa nayo. Wako Kahama, wako Katoro, wanatengeneza vipuri vya makarasha ya wachimbaji wadogo.

Wenzangu wa uhandisi sasa wananiandalia swali: mbona bobini za ringi leo ni za plastiki? Ni za plastiki, na zinastahili. Chuma kina uzito wa karibu mara saba ya plastiki kwa ujazo uleule. Hupata kutu katika ukumbi wa kusokotea, ambako unyevu wa hewa huongezwa makusudi, na kutu huweka doa kwenye pamba. Aluminiamu ni nyepesi zaidi, lakini ikiachwa uchi huacha weusi kwenye uzi. Lazima ipakwe tabaka gumu la oksidi kwa umeme. Asiyekubali haya anapenda metali kuliko anavyopenda uzi. Kwa spindeli ya ringi, metali imeshindwa, na sina mpango wa kuifufua.

Ila uzi hauishii kwenye ringi. Akina mama na mafundi cherehani mliopo hapa mnajua jambo ambalo vitabu vya uchumi havina. Bobini ya chini ya cherehani ya kukanyaga ni duara dogo la milimita kama 20, la metali. Jazeni bobini ya plastiki kwa uzi wa poliesta uliovutwa sana. Baada ya muda sahani zake mbili zinafura, inakwama ndani ya kibebeo chake, na mshono unaharibika. Uzi ulivutwa, sasa unataka kurudi ulivyokuwa, na unabana kila kilicho katikati yake.

Hilo lihamisheni kwenye uzi wa nailoni unaosokotwa kwa ajili ya nyavu za Ziwa Victoria. Chukua bobini yenye kiini cha milimita 30, uzi unaokunjwa kwa mkazo wa nusu niutoni, na nafasi ya milimita 0.3 kati ya mkunjo na mkunjo. Tabaka la kwanza peke yake linaweka shinikizo la zaidi kidogo ya angahewa moja juu ya kiini. La pili linaongeza, la tatu linaongeza. Kwa hesabu ya juu kabisa, matabaka 50 yangezidi mara 20 upepo wa tairi la gari dogo. Kiuhalisia matabaka ya chini hulegea, na kila tabaka la juu, likiwa na kipenyo kikubwa zaidi, huchangia pungufu, kwa hiyo shinikizo halisi ni dogo kuliko hilo. Hata likiwa sehemu ya tano tu, plastiki iliyoachwa stoo mwezi wa Oktoba, bati likiwaka juu yake, itasinyaa polepole. Hapa metali si anasa.

Na usanifu wake una utamu. Uzi haubani kiini tu. Unasukuma pia sahani za pembeni zitengane. Sahani huumia zaidi pale inapoungana na kiini, kwa hiyo hapo ndipo iwe nene, na kona yake iwe ya mviringo, isiwe kali, kwa kuwa ufa huanzia kwenye kona kali. Kuelekea ukingoni iwe nyembamba. Gramu moja iliyo ukingoni hugharimu nguvu nyingi zaidi wakati wa kuanza na kusimama kuliko gramu iliyo karibu na kiini, kwa kuwa ugumu wa kuizungusha hukua kwa mraba wa umbali. Ukingo wenyewe uwe laini kabisa, kwa sababu uzi utatokea juu yake. Kidole cha yule mzee wa Maswa kikikwaruzika, uzi utakwaruzika.

Mtaniambia tuyeyushe sufuria kuukuu, kama wanavyofanya mafundi wetu wa kusubu. Hapana. Aluminiamu iliyosubiwa kwenye mchanga huficha viputo, na kiputo kimoja upande mmoja ni mizani iliyopotea. Tuanze na bomba lililovutwa kiwandani na sahani iliyokatwa kwenye bamba, tuunganishe, kisha tukereze vyote viwili kwa pamoja, vikiwa vimefungwa mara moja tu kwenye mashine. Fundi akivifungua na kuvifunga upya katikati ya kazi, kitovu kimeshahama.

Mchumi wangu atasema soko ni dogo na bei ya ng'ambo haishindiki. Kuhusu bei, kwa bobini za kwanza mia chache, atakuwa sahihi. Nimepiga hesabu hiyo kwa njia zote nilizofundishwa, na kila mara inatoka dhidi yangu. Bado naamini bobini hizi zitengenezwe hapa, na sababu yangu haimo katika safu ya bei. Bobini ya ng'ambo inapoharibika, tunanunua nyingine ileile. Bobini iliyokerezwa Kahama inapoharibika, aliyeikereza yuko safari ya basi kutoka kwa aliyeiharibu, na ya pili haitafanana na ya kwanza.

Nimeleta michoro, iko meza ya nyuma. Sampuli ya kwanza itakuwa na kiini cha milimita 30 na sahani za milimita 90, kwa mashine ya kusokota kamba za nyavu. Kitovu kisihame zaidi ya milimita 0.05 popote kati ya sahani na sahani. Wenye mashine za kukereza, naomba msiondoke kabla hatujaongea juu ya kipimo hicho, kwa sababu nashuku wengine wenu mtasema kinawezekana na wengine mtasema profesa ameota.