Ukaguzi Kabla ya Kisu

Askari alindaye mpaka wa Gatumba, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira, anaijua kanuni ya kwanza ya kazi yake: gari hukaguliwa kabla kizuizi hakijainuliwa. Likishapita, kulikimbiza mara nyingi ni kazi bure. Kanuni hiyo ndiyo impasayo mwanamume mwenye kisukari atakaye kupandikiziwa kifaa katika uume.

Aibu ya kupungukiwa na nguvu za kiume imewanyamazisha wengi, wavaao magwanda na wasiovaa. Lakini aghalabu udhaifu huo hutokana na kisukari chenyewe, ambacho huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Wapo waliougundua ugonjwa wao kwa dalili hiyo. Tangu mwaka 1973, Daktari Brantley Scott wa Houston, Marekani, na wenzake walipotangaza kifaa kijazwacho maji, upasuaji huu umewarudishia unyumba wanaume wengi ambao dawa hazikuwafaa.

Hata hivyo, kisukari kisichodhibitiwa humfungulia adui mlango. Sukari ikizidi katika damu, chembe nyeupe, ambazo ndizo jeshi la mwili, hupigana kwa ulegevu, na kidonda huchelewa kupona. Vijidudu vichache vikishika kifaa hujifunika utando usiopenywa na dawa kwa urahisi. Hapo mara nyingi hakuna budi kukitoa kifaa; na makovu yabakiayo huweza kuufupisha uume na kufanya upandikizaji wa pili uwe mgumu.

Kwa hiyo damu ipimwe mapema, kwa kipimo kionyeshacho wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, si kwa kile cha asubuhi moja tu. Sukari ikiwa juu mno, upasuaji ungoje hadi itulizwe. Mkojo upimwe, jipu, au kidonda cha mguu kilichosababishwa na buti, kitibiwe kwanza. Baada ya upasuaji, mwenye homa, usaha, wekundu au maumivu yanayozidi siku hadi siku arudi hospitali bila kukawia.

Mkuu wa kikosi naye ana wajibu wake. Askari aombaye ruhusa ya kwenda kupimwa apewe, asifanyiwe mzaha na siri yake isitangazwe kambini. Kuficha ugonjwa si ushujaa. Ni kuacha lindo bila mtu.