Mwita Yupi? Kufundishana Usalama wa Dawa katika Zahanati za Nyanungu

Mada kwa semina ya watoa huduma za afya, Kata ya Nyanungu, Wilaya ya Tarime



1. Utangulizi

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipunguze kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Gharama ya makosa ya dawa ilikadiriwa kufikia dola bilioni 42 kwa mwaka duniani kote. Mwaka 2022, Siku ya Usalama wa Mgonjwa, 17 Septemba, nayo ilihusu dawa.

Mara nyingi tukisikia hayo tunaandaa mafunzo ya kukumbushana dawa na matumizi yake. Hoja yangu ni kwamba mtoa huduma anaweza kuijua dawa vizuri na bado akakosea, kwa kuwa hakuhakiki. Basi tufundishane kuhakiki, na tufundishane palepale kazini.

2. Mgonjwa ni yupi?

Ukuryani majina hurudi ukoo kwa ukoo. Ita "Mwita Chacha" kwenye benchi la wagonjwa na usishangae wakisimama wawili. Kwa Bhoke Marwa ni hivyohivyo. Mzee mwenye homa na masikio mazito ataitikia jina lolote linalokaribiana na lake. Ukimwuliza, "Wewe ndiye Mwita Chacha?" atakubali. Mwulize badala yake, "Shikamoo mzee, majina yako matatu ni yapi? Umezaliwa mwaka gani? Unatoka kitongoji gani?" Majibu yakilingana na kadi, mpe dawa.

3. Uzito na hesabu

Dawa mseto ya malaria (ALu) hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1, kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2, kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3, kilo 35 na zaidi, vidonge 4, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Watoto wawili wa miaka mitatu wanaweza kuwa mmoja chini ya kilo 15 na mwingine juu yake. Anayekisia kwa macho atampunja mmoja wao au kumzidishia.

Sindano ya artesunate inataka uangalifu zaidi. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti. Kwa mshipa, huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, na kila mililita huwa na miligramu 10. Kwa msuli, huongezwa mililita 2, na kila mililita huwa na miligramu 20. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 mshipani au 1.5 msulini. Ikiwa mmoja ameyeyusha kwa ajili ya msuli na mwenzake akavuta mililita 3, mtoto atapata kichupa kizima, dozi maradufu. Kwa hiyo anayeyeyusha aandike kwenye bomba nguvu ya dawa, na mtu wa pili apige hesabu yake mwenyewe kabla ya kusikia jibu la kwanza.

Hata nukta ina hatari: "5.0" husomeka 50, na ".5" husomeka 5. Tuandike "5" na "0.5".

4. Maelezo dirishani

Dozi ya pili ya mseto humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 4 asubuhi akiambiwa "saa nane", atampa tena saa 8 mchana, wakati muda wake ni saa 12 jioni. Tuandike saa yenyewe kwenye bahasha, kisha mama aturudishie maelezo kwa maneno yake. Asiyekijua vizuri Kiswahili aelezwe kwa Kikurya.

Tuko mpakani, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wameshameza dawa zilizonunuliwa upande wa Kenya. Parasetamoli imo katika dawa nyingi za mafua, hivyo mgonjwa anaweza kuimeza mara mbili bila kujua. Tuwaombe waje na maganda ya dawa, tuyasome kabla ya kuandika dawa nyingine.

5. Kuripoti bila hofu

Madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa fomu ya njano. Kosa lililogunduliwa kabla halijamfikia mgonjwa nalo liandikwe kwenye daftari la kituo, bila jina la aliyekosea. Mfawidhi akiligeuza daftari hilo kuwa la adhabu, hakuna atakayeliandika tena, na makosa yataendelea gizani.

6. Mapendekezo

(a) Mizani iwe pale mtoto anapoandikiwa dawa, na kadi isiyo na uzito irudishwe kutoka dirishani.
(b) Jedwali la artesunate libandikwe ukutani, mshipa na msuli kwa rangi tofauti.
(c) Kila wiki tutenge robo saa kujadili kosa moja kutoka kwenye daftari, na watoa dawa wa maduka ya jirani waalikwe.
(d) Baada ya miezi mitatu tukague: kadi ngapi zina uzito, bahasha ngapi zina saa, na daftari lina makosa mangapi. Likiwa tupu tusijipongeze. Tuulizane kwanza nani anaogopa kuandika, na kwa nini.