Ziwa Natron Halitaki Papara



Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Msemo huo tumeuzoea mno, hata tunautaja bila kuufikiri. Lakini iko safari moja hapa nchini ambayo mtu asipouzingatia anaweza kujidhuru mwenyewe na kuwadhuru viumbe wasio na hatia. Ni safari ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Mkoa wa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya.

Siku hizi hata wananchi wenzetu wanapanga kwenda huko wakati wa likizo. Ni jambo jema, maana vivutio vyetu si vya wageni peke yao. Ila wengi niliozungumza nao huanza na swali moja: je, tutawasogelea flamingo mpaka wapi? Mimi nasema swali hilo limeanzia mwisho.

Flamingo wadogo, au heroe kwa Kiswahili chetu, tunawaona pia Manyara, Nakuru na Bogoria. Huko hutafuta chakula. Lakini kwa Afrika Mashariki nzima, mahali wanapotegemea kuzaliana ni Natron. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kiota cha matope katikati ya ziwa. Maji yakizidi, viota hufunikwa. Yakipungua mno, wanyama wala mayai huweza kuvifikia. Na ndege hao wakishtuliwa, huweza kuyaacha mayai yao.

Kinga yao ni ukali wa ziwa lenyewe. Mto Ewaso Ng'iro huingiza maji kutoka Kenya, lakini hakuna mto unaoyatoa. Jua huyakausha, magadi hubaki. Mwaka 1954, Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya na mtaalamu wa ndege, alijaribu kuvifikia viota kwa miguu. Alizama katika matope ya magadi, miguu ikaungua vibaya, na baada ya kunusurika alilazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Huyo alikuwa mtaalamu. Sembuse sisi?

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji unayepanga safari hiyo, kwanza tafuta gari imara na dereva anayeijua njia. Kutoka Mto wa Mbu hadi kijiji cha Engaresero ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa masika makorongo huweza kujaa maji. Pili, chukua maji ya kunywa ya kutosha na ya akiba. Joto huweza kupita nyuzi 40, basi tembea alfajiri au jioni. Tatu, usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Lala kijijini, na umwajiri mwenyeji akuongoze, kwani yeye ndiye anayejua ukoko gani wa magadi unabeba mtu na upi haubebi. Lipa ada zinazotakiwa, udai risiti. Kisha akikwambia "basi, hapa ndipo mwisho," usimwongezee noti ili akusogeze mbele. Chukua darubini, hiyo ndiyo itakayokusogeza.

Wala siku zako hazitapotea bure. Yapo maporomoko ya maji ya Engaresero, zipo nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 zilizohifadhiwa ardhini, na upo Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, uliolipuka kwa kishindo mwaka 2007.

Aliyewaona heroe kwa mbali, kama utepe wa waridi juu ya maji, hajapunjwa. Ndege hawa hawana Natron ya pili. Tukiwavuruga hapa, watakaotazama maziwa matupu ni watoto wetu wa Manyara, na wa majirani zetu wa Nakuru pia. Twendeni tukaione nchi yetu, lakini twende kama wageni wenye adabu, wanaobisha hodi na kungoja mlangoni.